Sukari kwa Chumvi: Vitafunwa vya Kuoka na Ujirani wa Ukanda wa Dhahabu

Katika miji na makazi ya wachimbaji yaliyotapakaa kutoka Shinyanga, Maganzo na Kahama hadi Kakola, Katoro, Nyarugusu na Geita, vitafunwa vinavyookwa nyumbani, yaani vyakula vidogo vya kuliwa kwa chai au baina ya mlo na mlo, vina kazi mbili ambazo aghalabu hutazamwa kana kwamba hazihusiani: vinawaingizia kina mama fedha, na vinawakutanisha watu ambao wengi wao hawakuzaliwa mahali wanapoishi. Makala haya yanaichukulia kazi ya pili kuwa ndiyo mzizi wa ile ya kwanza. Mwokaji wa biskuti, keki au mkate wa mchele huanza kwa kugawa, na sahani anayoipeleka kwa jirani ndiyo inayomfundisha kipimo, inayomjengea jina na, hatimaye, inayomletea oda. Kwa hiyo anayetaka kuuelewa ufundi huu kwa kuhesabu mauzo pekee atakuwa ameanzia mwisho.

Ukanda wenyewe kwa sehemu kubwa umejengwa na wahamiaji. Mgodi wa almasi wa Mwadui, ulioanzishwa mwaka 1940 na mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, ulivuta wafanyakazi kutoka sehemu nyingi za Tanganyika. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, ukafuatwa na Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009, mkondo huo wa watu uliongezeka, huku wachimbaji wadogo wakiendelea kuhama kutoka rashi moja hadi nyingine, rashi ikiwa ni eneo jipya linalokimbiliwa baada ya kusikika kwamba dhahabu imeonekana. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa unaojitegemea. Katika makazi ya namna hiyo, ambako Msukuma anapakana ukuta na Muha wa Kigoma, Mhaya wa Kagera, Mkurya wa Mara na mtu wa Tabora au Tanga, ndugu wa damu huwa mbali, na anayeuguliwa au kufiwa humtegemea kwanza jirani. Ujirani huo haujizalishi wenyewe, hutengenezwa kwa salamu, kwa kuhudhuriana na kwa chakula.

Ghala la Usukuma

Unga wa ngano, ambao wengi huudhani kuwa ndio uokaji wenyewe, ni mgeni katika eneo hili. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania huagizwa kutoka nje, na ndiyo maana vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 na kupandisha bei ya ngano duniani, mtikisiko huo ulifika hadi kwenye andazi. Lakini ukiuondoa unga huo, karibu kila kitu kingine kinachohitajika katika kitafunwa kizuri hupatikana katika mashamba na mazizi ya Shinyanga na Geita.

Mpunga hulimwa kwenye majaruba, yaani mashamba yaliyozungushiwa kingo za udongo ili yashike maji ya mvua, na mchele wake ukilowekwa na kusagwa hutoa vitumbua pamoja na mkate wa kumimina, ambao ni mkate laini wa unga wa mchele, sukari, hamira, iliki na, ukipatikana, tui la nazi. Karanga zipo karibu kila kaya ya mkulima. Dengu hupandwa mvua zinapoelekea kukatika, kwenye udongo mweusi wa mbuga unaotunza unyevu muda mrefu baada ya mvua kwisha. Nyingi husafirishwa kwenda India, na zinazobaki husagwa kuwa unga wa bajia, wa tambi za chumvi na wa ladu, yaani vidonge vya mviringo vya unga wa dengu uliokaangwa kwa samli na kuchanganywa na sukari. Samli yenyewe, ambayo ni mafuta ya maziwa yaliyochemshwa hadi maji yakaisha, haina shida kupatikana katika nchi ya wafugaji wa ng'ombe, na kwa biskuti haijapata mbadala ulio sawa nayo.

Utamu nao ulikuwapo kabla ya sukari ya kiwandani. Mbali na asali, Wasukuma walijua kuhifadhi viazi vitamu kwa njia mbili: michembe, ambavyo ni viazi vibichi vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani, na matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza, vikakatwa na kuanikwa hadi vikawa vikavu na vyenye utamu uliokolea. Matobolwa yakitafunwa pamoja na karanga zilizokaangwa kwa chumvi hutoa ladha mbili kwa mpigo, tamu na ya chumvi, na kwa maana hiyo kitafunwa ambacho leo kinaonekana cha kisasa kilikuwa kikiliwa Usukuma bila tanuri na bila unga wa dukani.

Mlango mwingine umefunguliwa na viazi lishe, yaani viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ambavyo vina kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Mwaka 2016 mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, alikuwa mmoja wa wanasayansi wanne waliotunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kuviongezea vyakula virutubisho, na watatu kati yao, yeye akiwamo, walituzwa kwa viazi hivyo. Kwa mwokaji, faida yake ni ya moja kwa moja: viazi vilivyochemshwa na kupondwa hadi vikawa rojo laini huchukua nafasi ya sehemu ya unga wa ngano na ya sukari katika maandazi, skonzi na keki, hulipa donge rangi ya kupendeza, na hukifanya kitafunwa kikae siku mbili tatu bila kukauka.

Njia ya chumvi

Chumvi ina historia ndefu kuliko sukari katika eneo hili, na historia hiyo ni ya safari. Kabla ya chumvi ya mifuko kuenea madukani, vijana wa Kisukuma walikusanyika katika misafara na kutembea kuelekea mashariki hadi Ziwa Eyasi, ambako waliichota chumvi kandokando ya maji na kuibeba hadi nyumbani. Misafara hiyo iliandikiwa makala mwaka 1938 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Upande wa magharibi kulikuwa na Uvinza, ambako maji ya chemchemi za chumvi yalichemshwa hadi chumvi ikabaki, na bidhaa hiyo ikachuuzwa katika njia za biashara za Wanyamwezi tangu zamani sana. Kitu kilichopatikana kwa taabu namna hiyo hakikutumiwa ovyo, na mpishi aliyekua katika mazingira hayo alijifunza kuweka kidogo na kuonja.

Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, inayopita Shinyanga mjini na iliyokamilika mwaka 1928, ilibadili hesabu hiyo, kwa sababu chumvi, sukari na unga viliweza sasa kufika kwa mabehewa. Pamoja na bidhaa walikuja wenye maduka, wakiwamo Wahindi na Waarabu waliofuata biashara ya pamba na ngozi, na ladha zao zikaingia katika vitafunwa vya miji. Kutoka jikoni kwa Wahindi zilitoka nankatai, biskuti za samli na iliki zinazovunjika mdomoni bila kutafunwa sana, na chevda, mchanganyiko wa tambi za dengu, karanga, viazi vilivyokaangwa na zabibu kavu ambao hutiwa chumvi, pilipili na sukari kwa pamoja. Hakuna mfano ulio wazi zaidi kuliko chevda wa ladha mbili zinazodhaniwa kuwa na uhasama kukaa katika chano kimoja.

Kwa nini chumvi hukoleza sukari

Waokaji wenye uzoefu hutia chumvi kidogo hata katika keki tamu kupita zote, na sayansi inawaunga mkono. Mwaka 1997 Paul Breslin na Gary Beauchamp walichapisha katika jarida la Nature utafiti ulioonyesha kwamba chumvi huzuia ulimi usihisi uchungu, na uchungu ukishapungua, utamu uliokuwa umefunikwa hujitokeza wenyewe. Karanga zilizokaangwa, kakao na sukari iliyoungua kidogo zote zina chembe ya uchungu ndani yake, na ndiyo maana ni hizo hasa zinazopendeza zikiguswa na chumvi.

Chumvi pia ina kazi isiyoonekana kwa mlaji. Katika donge la hamira huimarisha gluteni, ambayo ni protini ya ngano inayonyumbuka na kuishika hewa ndani ya mkate, na wakati huohuo huipunguza kasi hamira isiumue donge upesi kupita kiasi. Sukari kwa upande wake hushika unyevu, hulainisha, na joto likikaribia nyuzi 160 za Selisiasi huanza kuyeyuka na kugeuka rangi ya kahawia. Kahawia ya ganda la mkate au biskuti, hata hivyo, hutokana zaidi na protini na sukari kukutana katika joto, badiliko ambalo mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza mwaka 1912 na ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake.

Ulimwengu umeigeuza elimu hii kuwa biashara kubwa. Katika jimbo la Bretagne nchini Ufaransa, ambako siagi ilizoeleka kutiwa chumvi, mtengenezaji wa peremende Henri Le Roux wa mji wa Quiberon alitoa mwaka 1977 peremende laini ya sukari ya kahawia na siagi ya chumvi, na ladha hiyo sasa inauzwa katika aiskrimu na keki kila bara. Kashata ya karanga, inayouzwa katika vituo vya mabasi vya Kahama na Shinyanga, imesimama juu ya kanuni hiyohiyo: sukari huyeyushwa polepole bila maji mengi, karanga zilizokaangwa na kupetwa hutiwa pamoja na chumvi ya kubana kwa vidole viwili, mchanganyiko humwagwa kwenye sinia lililopakwa mafuta, na hukatwa kungali na moto, kwa kuwa ukichelewa huvunjika hovyo.

Moto juu, moto chini

Kaya nyingi za ukanda huu hazina oveni, na kukosekana kwake hakujawahi kuzuia keki kuiva. Sufuria nene huwekwa juu ya jiko la mkaa lenye moto mdogo, ndani yake hutandazwa mchanga mkavu, juu ya mchanga huwekwa chombo chenye donge, kisha sufuria hufunikwa kwa bati au mfuniko usio na mpini wa plastiki, na makaa mengi zaidi hupangwa juu ya mfuniko huo. Siri iko katika mgawanyo: moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, kwa sababu joto hupanda, na anayeyajaza makaa chini huishia na keki iliyoungua kitako huku katikati ikiwa mbichi. Kwa kuwa hakuna kipimajoto, unga mkavu hunyunyizwa kwenye kisahani na kuwekwa ndani kwanza. Ukigeuka kahawia taratibu moto unafaa, ukiwa mweusi mara moja makaa hupunguzwa.

Mazingira ya mwinuko na ukavu nayo yana la kusema. Ziwa Victoria lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na miji ya Geita na Shinyanga haiko chini ya hapo sana wala juu yake sana. Katika mwinuko huo mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko pwani, viputo vya hewa ndani ya donge hutanuka zaidi, na keki iliyopimwa baking poda kwa kipimo cha Dar es Salaam huweza kuumuka haraka kisha ikabonyea katikati. Wakati wa kiangazi unga wa Shinyanga huwa mkavu kiasi kwamba hunywa maji mengi kuliko maelekezo ya pakiti yanavyosema. Mwokaji mzoefu hupunguza baking poda kidogo, huongeza kijiko kimoja au viwili vya maziwa, na huyaamini macho na vidole vyake kuliko karatasi.

Biskuti za karanga ni mfano unaoweza kufuatwa na yeyote. Vikombe viwili vya unga wa ngano huchekechwa pamoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi na iliki iliyotwangwa. Samli robo tatu ya kikombe, iliyoganda lakini laini, husuguliwa na nusu kikombe cha sukari iliyosagwa mpaka ikawa nyeupe. Kisha unga huingizwa pamoja na nusu kikombe cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu, ili chembe zake zihisike mdomoni. Donge halikandwi, hushikanishwa tu, kwa sababu kukanda huamsha gluteni na kuifanya biskuti iwe ngumu. Likikataa kushikana huongezewa kijiko cha maziwa. Vidonge hubonyezwa kwa kidole gumba, juu yake hupachikwa karanga moja na punje chache za chumvi, na huokwa kwa dakika 20 hivi mpaka kingo zianze kubadilika rangi. Anayetaka kupunguza gharama huweka unga wa mtama badala ya robo ya ule wa ngano, na kwa kuwa mtama hauna gluteni, biskuti hutoka ikiwa laini zaidi.

Kugawa kabla ya kuuza

Desturi ya Waswahili kwamba sahani ya jirani hairudishwi tupu imeenea katika miji ya ukanda huu bila kujali kabila wala dini. Wakati wa Ramadhani futari na kalimati huvuka kutoka nyumba ya Mwislamu kwenda kwa Mkristo, na siku ya Krismasi keki na maandazi hurudi njia ileile. Mikutano ya vikoba, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, huwa na chai yenye vitafunwa vinavyoletwa kwa zamu. Msibani wanawake wa mtaa hufika na vyombo vilivyojaa. Na katika makanisa mengi keki au kapu la biskuti hutolewa sadaka na kuuzwa kwa mnada baada ya ibada, ambapo waumini hupandishiana bei si kwa sababu keki ina thamani hiyo, ila kwa sababu fedha inakwenda kwenye ujenzi au kwa mwenye shida.

Katika duru hiyo ndimo soko linamozaliwa. Anayepokea sahani huonja, hulinganisha, na husema, wakati mwingine kwa utani, kwamba sukari ilizidi au iliki ilipwaya. Maoni hayo ni mafunzo ya bure ambayo hakuna chuo kinachoyatoa kwa ukarimu huo. Muda ukifika wa mahafali ya mtoto, kipaimara, sendoff au arobaini, aliyeonja ndiye anayetoa oda ya kwanza, na mara nyingi hulipa kidogo mbele na kumalizia baadaye kwa kuwa anajulikana. Kwa wauzaji wanaobeba ndoo za vitafunwa hadi kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, na kwenye mialo, ambako mawe husagwa na kuoshwa, kuaminiana huku ni mtaji: mchimbaji hula leo kwa ahadi ya kulipa mawe yakitoa, na muuzaji humkopesha kwa sababu alishamjua kupitia ujirani. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Katika mitaa hii kutoa ni moyo, na baadaye huwa pia utajiri.

Taasisi za umma zina nafasi katika hatua inayofuata. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, hufundisha usindikaji wa vyakula na ufungashaji. Shirika la Viwango, TBS, husajili bidhaa za chakula. Na sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Upungufu wa mafunzo mengi ya uokaji uko kwenye mwelekeo: huanza na keki ya harusi yenye krimu, inayodai oveni, friji na unga wa ngano mtupu, wakati biskuti ya karanga, mkate wa mchele na ladu za dengu hudai mtaji mdogo na malighafi ya jirani.

Tahadhari zisizoepukika

Ukarimu usio na uangalifu unaweza kudhuru, na katika ukanda wa dhahabu hatari kubwa kuliko zote ni zebaki. Wachimbaji wadogo huitumia kunasa chembe za dhahabu, kisha huuchoma mchanganyiko huo ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Zebaki huchemka katika nyuzi 357, na mvuke wake ni sumu kwa ubongo na figo. Rwamgasa, mkoani Geita, ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa na mradi wa kimataifa wa zebaki wa shirika la UNIDO katika miaka ya 2000, na uchomaji wa karibu na makazi ulikuwa sehemu ya tatizo lililochunguzwa. Jiko, karai au sufuria iliyowahi kutumika kuchomea dhahabu haifai tena kwa chakula, hata ikisuguliwa mpaka ing'ae, na nyumba inayooka isichome dhahabu.

Karanga nazo zinahitaji jicho. Zilizokunjamana, zenye ukungu au zilizobadilika rangi hutupwa kabla ya kukaangwa, kwa kuwa huenda zina sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu ambayo joto la kawaida la jikoni haliimalizi na ambayo huathiri ini. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile chumvi inayofikia gramu 5 kwa siku, na sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati anayokula; kitafunwa kinachounganisha vyote viwili kwa hiyo kinafaa kiwe kidogo, na udogo huo unaafikiana na desturi ya kugawa, kwa sababu sinia moja linalokwenda nyumba sita humpatia kila mmoja vipande viwili.

Mkaa unabaki kuwa swali gumu. Shinyanga iliwahi kupoteza miti kiasi cha kufananishwa na jangwa, kabla ya mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, kuufufua utaratibu wa Kisukuma wa ngitili, yaani kutenga eneo la malisho na miti lisiguswe kwa msimu ili lijirudishe, ambao uliwezesha maelfu ya hekta kuota upya. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Waokaji wa mtaa mmoja hawana ulazima wa kusubiri kila mmoja anunue oveni yake. Kikoba kinachoweza kununua viti na maturubai ya kukodisha kinaweza pia kununua oveni moja ya gesi, ikatumiwa kwa zamu, gharama ikagawanywa kama vinavyogawanywa vitafunwa vyenyewe, na mkaa ukabaki kwa kazi ambazo bado hazina mbadala. Halmashauri zinazotafuta vikundi vya kukopesha zingeanza na vile ambavyo tayari vina zamu ya chai, kwa sababu wanachama wake wameshaonjana mikono na wanajua ni nani wa kumwamini.